Mbithe na Chai ya Wambua

Ukifika kwetu Gatuanyaga na uulize nyumba ya Mbithe, utaonyeshwa ile ya bati la kijani, na zamani ungeambiwa uende ukiwa na kiu. Mbithe hakujua kumwacha mtu atoke kwake na mdomo mkavu. Aliyekuja kuomba chumvi, aliyekuja kusengenya, hata yule wa kusoma mita ya maji, wote walikaa chini wakapewa kikombe kwanza. Mara moja nilimkuta akimmiminia chai kijana aliyekuja kumkatia stima.

Alitoka Yatta wakati wa ile njaa ya themanini na nne. Alikuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Thika akiwa msichana mwembamba, na mimi tayari nilikuwa na Kaveke wangu mgongoni. Kahawa ilimchosha. Akaenda kwenye machimbo ya mawe ya Ndarugo, akapiga kibanda cha matawi, akaanza kuwapikia wachonga mawe chai na mandazi. Huko ndiko alikompata Wambua. Wambua alikuwa na sauti ya kuamsha mtu aliyelala ng'ambo ya mto. Wakiangusha mwamba, yeye ndiye aliyepiga kelele watu wakimbie, na walimsikia wote, hata wenye masikio yaliyojaa vumbi. Alikuwa anakunywa vikombe vitatu mfululizo, si kwa kiu bali kwa kutafuta kisa cha kukaa. Alipenda kusema, "Mimi nilioa kikombe, mwanamke akaja nacho." Mbithe alikuwa akijibu, "Na kikombe ndicho umekipenda zaidi." Miaka yote niliyokaa nao jirani, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na yalitosha.

Walimzaa Mutisya, ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi kule Witeithie, wakanunua kipande chao cha shamba karibu na changu. Wambua alipoacha mawe, alibaki na kuku, redio na chai yake.

Mwaka juzi, mvua za Aprili zikiwa karibu, alishika kikombe asubuhi na mkono wa kulia ukakataa. Chai ikamwagika mapajani. Alipofungua mdomo kulalamika, mdomo ulikwenda upande mmoja na hakuna neno lililotoka. Ilikuwa stroki. Hospitali ya Thika walimwokoa, lakini alitoka huko ametiwa mrija puani wa kumlisha, kwa sababu koo lilikuwa halijui tena kazi yake. Na ile sauti ya Ndarugo ilikuwa imebaki maneno machache sana. Alikuwa na "ndiyo", alikuwa na "hapana", na mara nyingi aliyachanganya, akakasirika.

Hapo ndipo Maxine alipoingia katika maisha yao. Maxine Nafuna ni msichana wa Bungoma, mrefu, wa viatu vya raba, na kazi yake ni kuwasaidia watu kuongea na kumeza. Siku nyingine alikuwa hapo hospitali ya Thika, na Jumanne alikuwa kliniki Ruiru. Sisi tulidhani watu kama hao ni wa watoto wenye kigugumizi. Hatukujua kwamba koo pia ni lao.

Nilimsindikiza Mbithe siku za mwanzo, kwa hiyo niliyasikia maneno ya Maxine kwa masikio yangu. Alimkalisha Wambua wima kabisa, akaweka vidole vyake viwili kwenye kikoromeo, akampa uji mzito kwenye ncha ya kijiko. Akangoja. Kikoromeo kikapanda, kikashuka.

"Umeona hapo, mama?" akamwambia Mbithe. "Usimpe kijiko kingine mpaka uone hiyo imepanda ikashuka. Kidevu chini. Asiongee akiwa na kitu mdomoni. Akimaliza, akae hivyo hivyo kwanza, usimlaze."

"Na chai?" Mbithe akauliza. Sikushangaa kwamba hilo ndilo swali lake.

"Chai bado. Maji bado, supu bado, kitu chochote chepesi bado. Koo lina njia mbili, mama, ya tumbo na ya mapafu. Chai inakimbia. Kabla mzee afunge mlango wa mapafu, ishapita. Uji mzito unatembea polepole, unampa nafasi ya kufunga."

"Akikohoa nitajua."

"Hapana. Akikohoa ni afadhali, mwili umekataa. Mimi naogopa yule hakohoi. Stroki inaweza kufanya koo lisisikie kitu. Chai inaingia kwa mapafu na yeye anakuangalia tu."

Mbithe aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alimwita daktari, na Maxine akasema yeye si daktari, na Mbithe akaendelea kumwita daktari.

Na alifanya kazi, sitamnyima hilo. Alisaga viazi, ndizi na maharagwe mpaka mkono ukauma. Mrija wa pua ukaondolewa. Kila Jumanne Ruiru, Maxine alimzoesha Wambua kukohoa kwa nguvu na kumeza kwa nguvu, kisha wakaingia kwenye maneno. Alimtengenezea ubao wa picha: kikombe, bakuli la uji, kitanda, choo, uso wa mtu mwenye maumivu, na picha ya Mutisya. Akitaka kitu na neno likatae, anaonyesha kwa mkono wa kushoto. Halafu Maxine akagundua kitu kilichotuacha midomo wazi. Mtu aliyeshindwa kusema "niletee kofia" aliweza kuimba. Akianzishiwa wimbo wa kanisa wa Kikamba, aliuimba wote, maneno yote mahali pake. Maxine alisema nyimbo za zamani huwa zimekaa mahali pengine kichwani, na kwamba angeupitia huo mlango kumrudishia maneno kidogo kidogo.

Wimbo huo ndio uliomponza Mbithe.

Chama chetu cha akina mama tulikwenda kumwona mgonjwa Jumamosi moja, na mikate na sukari kama kawaida. Kawaida nyingine ya chama chetu ni kwamba mgonjwa huonja kile wageni wanachokula. Asipoonja, tunajiona kama tuliokuja matanga kabla ya wakati. Tulisali, tukaanzisha wimbo, na Wambua akauchukua. Aliimba kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono wa kushoto ukipiga goti. Wanawake walilia. Kisha Mbithe akaleta thamosi na vikombe, kila mtu akapata chake, isipokuwa mwenye nyumba.

Gathoni, mwenyekiti wetu, ni mwanamke wa maneno makali na roho safi. Alitazama kulia na kushoto.

"Mama Mutisya, kwani mzee hana kikombe?"

"Daktari alikataza," Mbithe akasema.

"Alikataza chai? Ya maziwa?"

"Vitu vyepesi vyote. Anasema vinaenda kwa mapafu."

"Haiya. Mtu ameimba beti zote bila kupumzika, sisi wazima tumeachwa tukihema. Hayo mapafu yana shida gani?"

Watu wakacheka. Mwingine kutoka nyuma akasema, "Wacha kumsumbua, Gathoni. Pengine majani yamekwisha na anaona haya kusema."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, kikombe changu mkononi, na nilicheka pia. Nilimwona Mbithe usoni. Angetukanwa mvivu, angetukanwa mchawi, angevumilia. Lakini kuambiwa mbele ya chama kwamba amemnyima mume wake chai, yeye Mbithe! Wambua naye alikuwa ameinyoshea thamosi kidole cha kushoto, macho yamemtoka kama ya mtoto.

Akammiminia nusu kikombe. Akamshikia. Wambua akanywa, akafumba macho, akanywa tena. Hakukohoa hata kidogo.

"Si mnaona," Gathoni akasema. "Hawa watoto wa vitabu wanajua vitabu."

Basi ikawa hivyo. Asubuhi chai, saa kumi chai, kidogo tu, baada ya ule uji mzito ambao Mbithe hakuacha kumpikia. Mimi nilipita mara nyingi nikawakuta, nikasalimia, nikaendelea na safari yangu. Wambua alinenepa roho. Alianza kumwita mke wake kwa jina, "Mbi, Mbithe," na Mbithe aliniambia chai ndiyo iliyolegeza ulimi.

Ruiru, Maxine aliuliza kila mara. "Maji? Soda? Chai?" Mbithe alisema hapana. Jumanne moja Maxine alimwinamia Wambua, akamwambia aseme aaa kwa muda mrefu, akakunja uso. "Sauti yake ina majimaji," akasema. "Kuna kitu kinabaki kooni. Hebu uzidishe uzito wa uji." Mbithe akauzidisha uji. Chai akaiacha ilivyo.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, ile baridi yetu ilipoingia, Wambua alianza kuchoka. Halafu homa. Halafu pumzi ikawa fupi na kucha zikabadilika rangi. Mutisya alikuja kutoka Witeithie na gari la rafiki yake, akamkimbiza hospitali. Walimpiga picha ya kifua, wakasema nimonia, na pafu la kulia chini limejaa. Walimwekea oksijeni, na ule mrija wa pua ukarudi.

Nilikuwa na Mbithe wodini Maxine alipokuja. Hakuja na ukali. Alimshika Wambua mkono kwanza, akamsalimia, akangoja ajibu kwa macho. Ndipo akamgeukia Mbithe.

"Mama, nataka kuelewa. Hii nimonia inaonekana ni ya chakula kuingia kwa mapafu. Umekuwa ukimpa nini?"

"Kile uliniambia."

"Uji mzito peke yake? Na viazi vya kusaga?"

"Peke yake."

"Hakuna kitu chepesi? Hata mara moja? Sikuulizi nikushike makosa."

"Hakuna, daktari."

Maxine akatoa ule ubao wa picha kwenye mkoba wa Mbithe, akauweka mapajani mwa Wambua. "Baba Mutisya, nionyeshe. Ukiwa nyumbani, unakunywa nini?"

Nilishika kiti. Picha ya kikombe ilikuwa ya kwanza kabisa, juu, upande wa kushoto, ambapo mkono wake mzima ulifika bila taabu. Wambua alitazama kikombe. Akamtazama mke wake, ambaye alikuwa akitazama sakafu. Kisha kidole kikapita kikombe, kikavuka ubao wote, kikatua kwenye bakuli la uji. Akalibonyeza mara mbili.

"Uji," Maxine akasema. "Sawa."

Alikuwa amehuzunika, na hakuificha. Alituambia kwamba ikiwa hata uji mzito unamwendea mapafuni, basi hana tena kitu salama cha kumpa kwa mdomo. Yeye na madaktari wamezungumza. Watamtoboa tumboni waweke mrija hapo, alishwe hapo, na mdomo upumzike, pengine milele. Operesheni ingekuwa keshokutwa, pafu likiruhusu, na walitaka ruhusa ya Mbithe.

Maxine alipotoka, Wambua aligeuza uso ukutani.

Tulikwenda kukaa kwenye benchi la nje, mahali wanapouza ndizi. Mbithe hakununua kitu. Alikaa akivuta uzi wa leso yake.

"Ameniona," akasema. "Mama Kaveke, ameniona nikidanganya, akadanganya na mimi."

"Nimeona."

"Huo ubao ndio mdomo wake. Alipewa mdomo mwingine, na mimi nimemfanya autumie kunifichia."

Uzi wa leso ulikatika, akaanza kuvuta mwingine.

"Nikisema," akaendelea, "Mutisya atajua mimi ndiye nimemtia baba yake oksijeni. Chama kitajua. Huyo msichana amenisaidia zaidi ya mwaka mzima, nitamtazama vipi?"

"Na usiposema?"

"Si umesikia. Watamfunga mdomo."

"Mdomo usio na kosa."

Alilia hapo, kwa sauti ndogo, akijifuta kwa ile leso ambayo alikuwa ameiharibu. "Anaweza kula, Mama Kaveke. Uji anaweza. Mimi nimeona kikoromeo kikipanda kila kijiko. Nimekiangalia mwaka mzima. Uji haukumfanya kitu. Ni mimi."

"Basi usiniambie mimi," nikasema. "Mimi sina kisu cha operesheni."

Labda nilisema kwa ukali. Lakini alisimama, akajifunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda kuchota maji mbali, akarudi ndani. Nikamfuata.

Tulimkuta Maxine kwenye meza ya manesi. Mbithe hakukaa.

"Daktari, nimempa chai. Kila siku, asubuhi na jioni, tangu mwaka jana mwezi wa kumi na mbili. Chai ya kawaida, nyepesi. Hakukohoa nikasema imemkubali. Ulikuwa ukiniuliza nikawa nakataa. Na mzee leo amekudanganya kwa sababu yangu. Usimtoboe kwa sababu yangu."

Maxine aliweka kalamu chini. Nilidhani angefoka. Afadhali angefoka.

"Mama," akasema polepole, "tulikuwa karibu kumnyima chakula mtu anayeweza kula."

"Najua."

"Na mimi nilisikia maji kwa sauti yake. Nikadhani ni uji. Nikakwambia uuzidishe." Akajipangusa macho kwa kiganja. "Nani alimpa ya kwanza?"

"Mimi," Mbithe akasema. Hakutaja chama, hakumtaja Gathoni, hakunitaja mimi niliyecheka.

Maxine alikwenda kuongea na madaktari. Operesheni ikasimamishwa kwanza, wangoje pafu lipone. Lilipoanza kupona, Maxine alimkalisha Wambua wima kitandani, akaweka vidole vyake kwenye kikoromeo, akampa uji mzito kidogo sana. Kikapanda, kikashuka. Akamwambia aseme aaa. Sauti ilikuwa dhaifu, lakini kavu. Akampa kijiko kingine. Mutisya alikuwa amesimama hapo, ameshaambiwa yote na mama yake. Alipoona baba yake anameza, alitoka nje ya wodi na kukaa huko muda mrefu. Mrija wa tumbo haukuwekwa.

Lakini si kila kitu kilichorudi. Wambua alitoka hospitali akiwa mwepesi kama debe tupu. Miguu iliyokuwa imeanza kufika mlangoni sasa haikufika. Jina la Mbithe lilipotea tena, na wimbo aliuanza akauacha katikati, pumzi haitoshi. Maxine alisema ni kuanza upya karibu kila kitu, na kwamba safari hii ataanza na Mbithe.

"Wewe unamjibia," akamwambia huko Ruiru. "Nikimuuliza jambo, wewe unajibu kabla hajafungua mdomo. Kuanzia leo, akitafuta neno, ngoja. Usimpe neno, usimwekee maana. Ngoja mpaka uone aibu, halafu uendelee kungoja."

Chama kilipotaka kuja kumwona, Mbithe alikuja kwenye mkutano kabla hatujafika kwake. Alisimama akasema kila kitu: chai, uongo, mrija. Kisha akasema, "Mkija, karibuni. Chai mtakunywa kwenu. Kwangu mzee akiona thamosi anaililia, na mimi simwamini Mbithe akiwa na thamosi." Gathoni alianza kusema, "Mama Mutisya, kama ni kosa, mimi ndiye—" Mbithe akamkatiza: "Wewe ulisema. Mkono uliomimina ulikuwa wangu." Gathoni hakusema lingine siku hiyo. Kwa mtu anayemjua, hilo ni jambo.

Wiki iliyopita nilikuwa kwao mchana. Wambua amekaa wima kwenye kiti chake uani, taulo kifuani. Mbithe mbele yake na bakuli, macho kwenye koo. Kijiko, anangoja, kikoromeo kinapanda, kinashuka, kijiko kingine. Humtazama hivyo siku zote sasa, kama anayechunga jiko la mtu mwingine. Uji ulipokwisha, akaweka bakuli chini, akamfuta mdomo, na bila mimi kutarajia akamuuliza.

"Baba Mutisya. Siku ile wodini. Kwa nini ulionyesha uji?"

Wambua alifungua mdomo. Hakukuwa na kitu. Mkono wa kushoto ukainuka, ukashuka. Jogoo akapita kati yetu. Niliona Mbithe akiuma mdomo wa chini ili asimsaidie, na mimi mwenyewe nilitamani kumtupia neno lolote, moja tu, tuondoke hapo. Hatukumtupia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Chai," akasema mwishowe. Akapumua. Akajigonga kifua kwa vidole. "Mimi. Mimi... nataka. Mimi."

Alikuwa anasema yeye ndiye aliyeitaka, kosa ni lake. Nilielewa na Mbithe alielewa. Alimshika ule mkono, akauondoa kifuani pake, akauweka juu ya goti.

"Wewe uliitaka," akamwambia. "Mimi ndiye nilikuwa nimeambiwa."

Wambua alitikisa kichwa, hapana, na safari hii hapana ilikuwa hapana. Akatikisa tena. Mbithe hakukubali. Aliokota bakuli, akaenda kuliosha, na alipokuwa huko nyuma ya nyumba maji yalimwagika muda mrefu kuliko bakuli moja linavyohitaji.